Mbwa Aliyenipa Mgongo: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, taa ya mezani inawaka, na sura ya tisa ya muswada iko mbele yangu kwenye kompyuta. Naandika hadithi za watoto. Wengi wakisikia hivyo hutabasamu, wakidhani ni kazi ya kukaa kitako ukingoje mawazo mazuri yakujie, uyaandike, na kabla ya mchana umeshamaliza. Ndiyo maana nimeamua kuisimulia siku yangu ya jana kama ilivyokwenda, bila kuipamba. Siku nzima ilikuwa ya mbwa mmoja.

Kitabuni anaitwa Shwari. Nyumbani, nilipokuwa na miaka minane, aliitwa Popi. Alikuwa chotara wa rangi ya udongo mkavu, sikio moja limesimama, jingine limelala, na mkia wake ulipinda mwishoni kana kwamba uliwahi kubanwa na mlango. Hakuwa hodari. Radi ikipiga alijipenyeza chini ya kitanda na hatoki mpaka mvua ikatike. Hakuwahi kukamata mwizi wala kumwokoa mtu majini. Ila alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa kiumbe mwingine. Mtu akilia, Popi hakumlamba wala hakumrukia. Alikuja polepole, akageuka, akakaa akimpa mgongo yule anayelia, akamwegemea kwa uzito wake wote. Kisha akatulia hivyo hivyo: miguu ya mbele imenyooka, baka jeupe la kifuani likionekana lote, macho hayapepesi, anatazama mlangoni kama aliyekabidhiwa zamu.

Sura kumi na nne, rasimu tano, miaka miwili ya kazi. Vyote hivyo vimejengwa juu ya mgongo ule.

Mpaka saa mbili asubuhi nilikuwa nimeandika aya tatu na kufuta mbili.

Saa mbili na nusu nilifungua maoni ya msomaji wa rasimu, mtu aliyesomea udaktari wa mifugo, ambaye hunisaidia nisiwadanganye watoto. Nilikuwa nimeandika kwamba Shwari aliuona mpira mwekundu kwa mbali kwenye nyasi. Alinikumbusha kwamba jicho la mbwa lina aina 2 za seli za kupambanua rangi wakati letu lina 3. Buluu na njano anaziona vizuri, lakini nyekundu na kijani humchanganyikia. Njia nyepesi ilikuwa kuugeuza mpira uwe wa buluu. Nilifanya hivyo, nikasoma, nikaona bado si yeye. Popi hakuwa akitafuta vitu kwa macho. Alisimama kwanza, akainua pua hewani, tundu za pua zikafunguka na kufumba haraka haraka, ndipo akaanza kwenda upande, akirudi upande, mpaka akafika. Seli za kunusia ndani ya pua ya mbwa huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni, zetu ni milioni chache tu. Kwa hiyo nikaurudisha mpira uwe mwekundu, nikamwachia pua ifanye kazi yake. Mtoto anaona rangi, mbwa ananusa mpira, na kila mmoja anaufikia kwa njia yake. Mistari sita ilinichukua saa nzima, na najivunia kila mmoja.

Saa nne mchoraji akatuma picha. Nzuri mno, ila masikio yote mawili yalikuwa yamesimama. Nikampigia. "Kaka, sikio moja limelala." Akasema alihofia wasomaji watadhani kakosea kuchora. Nikamwambia wadhani tu. Tukaelewana.

Saa tano ndipo ikaja simu niliyokuwa nikiiogopa tangu wiki iliyopita. Upande wa pili walikuwa wawili: mhariri wangu, mtu ninayemheshimu kwa dhati, na kijana wa idara ya masoko.

"Kaka, muswada umetulia," kijana akaanza. "Tatizo ni huyu mbwa. Hafanyi kitu."

Nikamuuliza angependa afanye nini. Alikuwa ameshaorodhesha. Shwari awe mbwa wa mbegu inayojulikana, mwenye manyoya mengi. Amwokoe mtoto mtoni. Na kwenye sura ya tisa, mtoto anapolia, amlambe machozi, kwa sababu picha hiyo ingekaa vizuri juu ya jalada.

"Watoto wanataka shujaa," akasema.

Mhariri akaongeza jambo ambalo lilinichoma kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa na uzito. "Fikiria lugha yenyewe. Sisi tukisema fulani kanipa mgongo, maana yake kanitupa, kanikimbia wakati wa shida. Wewe unamweka mtoto analia na mbwa anampa mgongo. Msomaji ataelewa nini?"

Nilijibu kwamba hicho ndicho ninachokitaka. Mtoto wa hadithi naye anaelewa hivyo hivyo mwanzoni, anaona hata mbwa kamkataa. Inamchukua sura nane kugundua kuwa mlinzi hakitazami anachokilinda, anatazama kule inakoweza kutokea hatari. Kama Kiswahili hakikuwa na usemi ule, kitabu changu kisingekuwa na pa kuanzia.

Kimya. Kijana akasema sawa, lakini mbwa maarufu wa hadithi wote wana vituko. Hapo nikakaa sawasawa kitini, maana habari za mbwa halisi waliogeuka wahusika nimezifuatilia kwa miaka.

Nikamweleza juu ya Charles Schulz, mchora katuni wa Marekani, na mbwa wa utotoni mwake, Spike, mweusi kwa mweupe. Spike alikuwa akila pini na nyembe, na mwaka 1937, Schulz akiwa bado mvulana, mchoro wake wa mbwa huyo ulichapwa magazetini katika safu ya mambo ya ajabu ya Ripley. Kituko gani kingezidi hicho? Lakini katuni zake zilipoanza tarehe 2 Oktoba 1950, na siku mbili baadaye Snoopy, mbwa wa katuni hizo, akatokea kwa mara ya kwanza, nyembe hazikuwemo. Schulz alisimulia pia kwamba Spike alielewa maneno yapatayo 50. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilichovuka: mbwa anayewaelewa watu kuliko wanavyojua. Karibu miaka 50 Schulz alimchora mbwa ambaye raha yake kubwa ni kulala juu ya paa la kibanda chake, na dunia ikampenda.

"Huyo ni mmoja," kijana akasema.

Nikampa wa pili. George Lucas, mtunzi wa filamu za Star Wars, alikuwa na mbwa mkubwa wa manyoya, Indiana, aliyependa kukaa kiti cha mbele cha gari, kando yake. Kutokana na mbwa huyo akapatikana Chewbacca, rubani msaidizi mwenye manyoya katika filamu hizo, mwaka 1977, na jina la mbwa likaja kupewa Indiana Jones, shujaa wa filamu nyingine, mwaka 1981. Mbwa mwenyewe hata hakuonekana. Kilichohama ni namna ya kukaa kando ya mwenzako safarini.

"Na Buck, yule mbwa wa riwaya ya Jack London, je?" akauliza, na nilifurahi kwamba alimjua. Nikakubali kwamba yule ni shujaa kweli. Lakini Buck, wa mwaka 1903, alitokana na Jack, mbwa wa ndugu wawili wa ukoo wa Bond ambao London aliwafahamu kule Dawson, Kanada, wakati watu walipokimbilia huko kutafuta dhahabu. Jack alikuwa na mwili na nguvu, kwa hiyo Buck akapata mwili na nguvu. Mwandishi huchukua kile mbwa alichokuwa nacho. Popi alikuwa na mgongo.

Simu ikakatika. Wakapiga tena. Ikakatika tena. Walipopatikana wakaniomba nisubiri washauriane, na nikabaki na simu sikioni, nasikia sauti za mbali za watu wakiamua hatima ya mbwa wangu. Nilitazama ukuta. Mkono ukaingia ganzi, nikabadilisha sikio. Saa saba na nusu mhariri akarudi peke yake, sauti imeshuka.

"Sikiliza ndugu yangu. Sura ya tisa kama ilivyo sasa hainishawishi. Unaniambia mgongo ule una maana, lakini sijausikia mwilini. Niandikie upya, niipate kesho asubuhi. Ikinigusa, mgongo unabaki na jalada tutalijua. Isiponigusa, tunafuata mapendekezo."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Alikuwa amesema kweli: sura ilikuwa imeandikwa vizuri na haikuwa na uhai.

Mchana wote ukaenda huko. Kwanza, kwa haki yao, niliandika toleo la kulamba machozi, kwa moyo wote. Nikalisoma kwa sauti. Lilikuwa na mbwa mwema wa mtu mwingine. Nikaliweka kando.

Kisha nikaandika la mgongo. Mara ya kwanza. Ya pili. Kila nikifika alipokaa, mkono unaandika "alimpenda sana", na kila mara nafuta. Hili ndilo watu wasilolijua kuhusu kazi hii. Mnyama uliyempenda ndiye mgumu kuliko wote kumwandika, kwa sababu upendo wako unatangulia mbele na kumziba. Inabidi uuzuie mlangoni, uingie na vitu tu. Nikaanza kuvikusanya. Harufu ya manyoya yaliyoloa. Vumbi lililopaa kwenye mwanga wa dirisha alipojikung'uta. Kiwiko cha mguu wa mbele, pale alipokuwa akilalia sakafu miaka nenda miaka rudi, palipokuwa pamenyonyoka, ngozi imekuwa ngumu, ya kijivu, yenye mikunjo kama gome la mti. Nilikuwa napenda kupapasa pale kwa kidole gumba, naye aliniruhusu.

Vitu vilikuwa vya kweli, na bado sura haikusimama. Mara ya tano sijui ilikuwa saa ngapi. Jua lilikuwa limeshahama mezani, macho yananiwasha, kiuno kimekaza. Nilisimama, nikazunguka chumba, nikarudi. Giza likaingia sijawasha taa.

Nikampigia Dada, mkubwa wangu kwa miaka minne.

"Dada, unakumbuka Popi alivyokuwa akikaa nikilia?"

Akanyamaza kidogo. "Ukilia wewe?"

"Ndiyo. Ananipa mgongo, ananiegemea."

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "wewe hukuwa ukilia. Mwaka ule mama alipolazwa hukudondosha hata chozi moja, mpaka tukawa na wasiwasi nawe. Aliyekuwa akilia ni mimi. Popi alikuja kwangu. Nilikuwa nasikia mbavu zake zikipanda na kushuka hapa, ubavuni. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni unatuangalia."

Nilibisha. Nikamwambia namkumbuka vizuri, namwona kabisa, lile baka jeupe la kifuani, macho yasiyopepesa. Nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikanyamaza. Mtu aliyepewa mgongo hawezi kuona kifua.

Miaka yote hii, rasimu tano, nilikuwa nimejiweka mahali pa Dada. Nilikuwa nikiandika mgongo nisioujua, ndiyo maana mhariri hakuusikia mwilini. Nilichokijua mimi ni uso wake, unaonitazama.

"Alikuwa akikutazama wewe," Dada akasema. "Nilikuita uje ukae nasi. Hukuja."

"Nilidhani ananizuia nisiingie."

"Popi? Akuzuie wewe?"

Tukakaa kimya kwenye simu, kila mtu na yake. Kisha akaniambia niende nikaandike.

Niliwasha taa. Sikuhitaji kukusanya chochote tena. Mtoto wa hadithi nikampa dada, kwa maneno machache sura za mwanzo. Mengine nitayarekebisha wiki hii, na najua ni kazi ya kutoa jasho. Sura ya tisa nikaianzia mlangoni. Dada analia sakafuni, Shwari amempa mgongo, anatazama nje. Anayetazamwa ni mtoto aliyesimama kwenye kizingiti, ambaye hajalia tangu siku ya kwanza, ambaye anaona mbwa amemkalia kama mlinzi anavyomkalia mgeni. Mtoto anatazama baka jeupe. Anatazama sikio lililolala. Anaona mkia, ule uliopinda, ukipiga sakafu mara moja, ukatulia.

Nilimtumia mhariri faili saa sita kasoro usiku. Kabla ya kuzima taa nikamwandikia Dada ujumbe: "Safari hii anaingia."

Alikuwa bado macho. Akauliza, "Popi anamsogelea?"

"Hasogei. Dada mtu ndiye anayesogea, na mtoto anakaa pale katikati, mgongo unawafikia wote wawili."