Nilivyohama kutoka Cessna 172 kwenda Cirrus SR22 nikiwa Dodoma

Kwa miaka mingi nimerusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, hapa Dodoma: kupiga picha za mashamba, kupeleka watu Singida, kurudi kabla giza halijaingia. Mwenye ndege alipoleta Cirrus SR22, wenzangu pale uwanjani walinipa hongera wakisema sasa kazi imeisha, ndege inajiendesha yenyewe. Naandika haya kwa ajili ya rubani mwenzangu wa Kanda ya Kati anayejiandaa kuhama kama nilivyohama mimi. Yale niliyotishwa nayo hayakunipa shida. Yaliyonichukua muda ni mengine kabisa.

Nilitishwa na mpini. Cirrus haina usukani ule wa mbele ya kifua. Ina mpini wa pembeni, na ukikaa kiti cha kushoto unaushika kwa mkono wa kushoto. Mkono uliuzoea upesi kuliko nilivyotegemea. Kilichogoma kuzoea ni kichwa. Cessna 172 ilikuwa inanifikisha Singida kwa karibu saa nzima, muda wa kutosha kusoma ramani, kuzungumza na abiria na kujiandaa kutua bila presha. SR22 ina injini ya Continental yenye nguvu za farasi 310, inakwenda noti 170 na zaidi (yaani maili za baharini 170 kwa saa), na Singida iko umbali wa maili 100 hivi kwa njia ya anga. Hesabu ni dakika 35. Kazi ni ileile, muda umekatwa karibu nusu.

Mkufunzi wangu, rubani mkongwe ambaye sote tunamwita Kapteni tu, alianzia hapo hapo. Tukiwa bado ardhini aliniuliza: "Mdogo wangu, ukitoka Singida, unaanza kushuka wapi?" Nilimjibu kwa mazoea ya 172, nikiuona uwanja. Akanipa karatasi, tukakokotoa pamoja. Natoka futi 9,500 nataka kuingia kwenye mzunguko wa kutua wa Dodoma nikiwa kama futi 4,700. Hizo ni futi 4,800 za kushuka. Nikishuka futi 500 kwa dakika, zinaisha kwa dakika kumi, na kwa dakika moja ndege imekula karibu maili tatu. Kwa hiyo natakiwa nianze kushuka maili 30 kabla, Bahi ikiwa bado kuliani kwangu na Dodoma haijaonekana vizuri kwa vumbi. Ukichelewa, unajikuta uko juu na una kasi, na Cirrus haipendi kupunguza kasi huku inashuka. Flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa nusu haziruhusiwi juu ya noti 119 kwa toleo letu, na zile kamili mwisho wake ni noti 104, kwa hiyo huwezi kuzitumia kama breki.

Tangu siku ile nina utaratibu ambao siuvunji. Kabla ya Bahi niwe nimeshapata taarifa ya upepo, nimeshajua naingilia upande gani, na nimeshaamua kasi ya kila hatua. Dodoma ya sasa si ile ya zamani. Tangu Serikali ihamie huku, kuna siku mnara wa kuongozea ndege unakupanga katikati ya Airbus ya Air Tanzania na ndege ya viongozi. Ukiambiwa uongeze mwendo au uzunguke kusubiri, si wakati wa kuanza kutafuta kitufe.

Nikija kwenye vitufe, hapo ndipo ningemshauri kila mtu awekeze muda wake kabla hajachoma mafuta. Mbele ya rubani kuna skrini mbili kubwa badala ya vile vipimo sita vya duara tulivyokulia. Nilimwomba fundi aniunganishie umeme wa nje hangani ili betri isife, nikawa nakaa ndani ya ndege iliyosimama na kitabu mapajani. Nilijipa kazi za kweli: njia ya kurukia imefungwa Dodoma, nipeleke Iringa, mvua imeziba Chenene, nikwepe kwa kushoto, abiria kazidiwa, nitafutie uwanja wa karibu. Kazi moja naifanya mpaka mkono uende wenyewe, kisha nahamia nyingine. Fundi wetu ana subira ya ajabu, maana hanga la Dodoma mchana linachoma.

Otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege yenyewe, ndiyo iliyohitaji nidhamu kubwa kuliko vyote. Juu ya skrini kuna mstari wa herufi ndogo. Za kijani zinakuambia ndege inafanya nini sasa hivi, na nyeupe zinakuambia imejiandaa kufanya nini baadaye. Unaweza kubonyeza kitufe ukaamini ndege inafuata njia uliyoichora, kumbe inashika tu uelekeo uliokuwepo. Kila nilipobonyeza, Kapteni alikuwa ananikatiza: "Usiniambie umebonyeza nini. Nisomee ndege imeelewa nini." Nikawa nasoma herufi zile kwa sauti, kijani kwanza, nyeupe baadaye. Mpaka leo nazisoma kwa sauti hata nikiwa peke yangu.

Hofu ya Kapteni ina msingi. Mwaka 2010 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa utafiti uliolinganisha zaidi ya ndege ndogo 8,000, zenye skrini na zenye vipimo vya zamani. Zenye skrini zilikuwa na kiwango kidogo cha ajali kwa jumla, lakini kiwango cha ajali zenye vifo kilikuwa kikubwa zaidi. Sehemu ya sababu ni matumizi: ndege hizo husafirishwa mbali zaidi na kwenye hali ya hewa ngumu zaidi. Lakini bodi ilisema pia wazi kwamba marubani wanahitaji mafunzo mahususi ya vyombo hivyo. Nilipoisoma ripoti ile niliacha kabisa kuona mafunzo haya kama jambo la kutimiza karatasi. Skrini inakuonyesha mlima, mvua na ndege nyingine, na rubani anapata ujasiri wa kwenda mahali ambapo na 172 yake asingethubutu.

Sasa joto. Hapa nina msimamo mkali, na najua kuna wakufunzi hawatakubaliana nami. Mafunzo ya kuhamia ndege mpya hufanywa asubuhi na mapema, hewa ikiwa tulivu, kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi kujifunza. Kwa mwanzo ni sawa. Lakini rubani wa Dodoma aliyefundishwa asubuhi tu hajafundishwa. Nilimwomba Kapteni sehemu nzuri ya mafunzo tuifanye saa saba na saa nane mchana, mwezi wa kumi, na alikubali.

Uwanja wa Dodoma uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko juu ya futi 6,000. Injini yetu haina turbo ya kuisukumia hewa ya ziada, kwa hiyo karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake haipo kabla hata hujaachia breki. Zile farasi 310 za kwenye vitabu ni za Dar es Salaam, karibu na bahari. Mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa lazima yapunguzwe kabla ya kuruka kwa kufuata kitabu cha ndege, la sivyo unaongeza hasara juu ya hasara. Na kutua vilevile: kipimo cha kasi kinakusomea noti 80, lakini ndege inapita juu ya ardhi karibu noti 88. Macho yanakwambia unakimbia mno, yanataka upunguze. Usiyasikilize, fuata kipimo. Lakini na kuongeza noti kumi "za usalama" ni hatari kwa upande wa pili, maana Cirrus inaelea, inaelea, na njia inaisha.

Kuna na tairi la mbele. Kwenye 172 pedali zinaligeuza. Kwenye Cirrus limeachwa huru, linafuata tu kama gurudumu la toroli la supamaketi, na unageuka kwa breki za matairi ya nyuma: kulia kidogo, kushoto kidogo. Mtu asiyezoea anaweka mguu kwenye breki muda wote huku injini inavuta, na breki zinachemka. Kwa joto letu ukiongeza upepo wa mashariki unaosukuma mkia, ni rahisi sana kufika mwanzo wa njia breki zikiwa zimeshachoka. Dawa niliyopewa ni kushusha mzunguko wa injini, kugusa breki na kuachia, na kuiacha ndege itembee taratibu. Chamchela ikikatiza mbele yako, simama uingoje ipite. Tulikaa ardhini mchana mmoja karibu wote tukirudia zoezi hili, na sioni kama tulipoteza muda.

Nimeacha parachuti mwisho kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofikiri. Kila Cirrus ina parachuti ya ndege nzima. Juu ya kichwa, darini, kuna mpini mwekundu. Ukiuvuta, roketi ndogo inaitoa parachuti nyuma ya sehemu ya mizigo, kamba zake zinachana ngozi ya ndege zilikofichwa, na ndege inashuka ikiwa imening'inia. Kwenye 172 tulifundishwa kuiokoa ndege iliyopoteza unyanyuzi na kuanza kujizungusha. Kwenye Cirrus kitabu kinasema jibu la hali hiyo ni kuvuta mpini, basi. Rubani mzoefu jambo hili linamchoma, maana mazoea yote yanamwambia apambane kwanza. Kwa toleo letu, majaribio ya mtengenezaji yalionyesha ndege inapoteza futi 400 kabla parachuti haijabeba ikiwa inaruka sawasawa, na futi 920 ikiwa imeshajizungusha mara moja. Ukipambana kwanza, futi hizo zinakwenda wapi?

Kwa hiyo uamuzi unafanywa ardhini, kwa sauti, kabla ya kuruka. Chini ya futi 500 kutoka ardhini, shusha pua utue mbele. Kati ya 500 na 2,000, vuta mara moja. Juu ya 2,000, una nafasi ya kutafuta tatizo kwanza. Shida ni kwamba kipima kimo hakisomi kutoka ardhini, kinasoma kutoka usawa wa bahari. Mia tano ya Dodoma inaonekana 4,200 kwenye skrini, na elfu mbili inaonekana 5,700. Injini ikizima hutakuwa na akili ya kujumlisha. Niliandika namba hizo mbili kwa kalamu nene kwenye kibao cha pajani, na kabla ya kuongeza nguvu nazitamka: "Elfu nne mia mbili, vuta." Mji umeuzunguka uwanja wetu pande nyingi, kwa hiyo hata zile futi 500 za mwanzo nilizipitia na Kapteni kwa miguu na kwa gari, tukiangalia ni eneo gani lililobaki wazi kila upande na lipi limeshajengwa. Naomba kila rubani wa hapa afanye hivyo, na arudie kila mwaka, maana nyumba zinaota.

Mpini wa parachuti una pini ya usalama yenye utepe mwekundu. Inatolewa kabla ya kuwasha injini na inarudishwa ndege ikiegeshwa. Nimeiweka kwenye orodha ya ukaguzi mara mbili, na fundi naye anaiangalia kabla hajaingiza kichwa ndani. Mwenye ndege nilimweleza mapema kwamba parachuti inabadilishwa kila baada ya miaka kumi, aipangie fedha, isije ikamshtua.

Abiria nao wanafundishwa. Mama mmoja mtumishi wa serikali, niliyekuwa nampeleka Singida, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa baba, nikivuta wakati wewe mzima?" Nikamjibu kwamba asiuguse nikiwa namjibu. Akiniita mara mbili kwa sauti kubwa nikawa sijibu, azime mafuta kwa kuvuta wenzo mwekundu mpaka mwisho, kisha ashike mpini kwa mikono yote miwili na kuuvuta chini moja kwa moja, kwa nguvu kama ya kuning'inia, maana unahitaji nguvu ya kama kilo 20. Alinyoosha mikono akaigiza, pini ikiwa bado ndani, nikamrekebisha alipouvuta kwa mbele badala ya chini. Akarudia vizuri. Ndipo nikatoa pini, nikamwonyesha nilipoiweka, tukawasha injini.