Kabla ya kutoa pesa, nilimtafuta aliyeshindwa

Mwaka 2013 nilifuga kware 120 nyuma ya nyumba yetu Migosi, hapa Kisumu. Wakati huo aluru, kama wanavyoitwa huku kwetu, walikuwa gumzo kila mahali: kwenye matatu, nje ya kanisa baada ya ibada, hata katika ofisi ya walimu. Mayai yao yalisemekana kutibu karibu kila ugonjwa. Kisheria kware ni ndege wa porini, hivyo mfugaji alihitaji leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kuona jinsi watu walivyoihangaikia ndiko kulikonipa imani. Nilijiambia watu wote hawa hawawezi kukosea.

Mayai ya kwanza niliuza shilingi 50 kila moja. Mwaka 2014 ulipofika katikati, hata kwa shilingi 5 hakuna aliyeyataka. Kware huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, na yai lake huanguliwa kwa siku 17 au 18. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu hiyo sikuwahi kuipiga. Walionunua mayai yangu walikwenda kuyaangua ili wawauzie wengine ambao nao wangeyaangua. Swali moja tu lingeniokoa: ni nani anayekula? Sikuliuliza, kwa sababu kila siku nilitafuta mtu wa kunihakikishia kwamba kuna faida, na kila siku nilimpata. Pesa zilizopotea zilikuwa karo ya kifungua mimba wetu. Mama watoto hakunilaumu hata siku moja, na kimya chake kiliniuma kuliko lawama.

Baada ya miaka kadhaa nilisoma kuhusu jaribio la Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alilolichapisha mwaka 1960. Nikalipeleka darasani, kidato cha pili. Niliandika ubaoni 2, 4, 6, nikawaambia: namba hizi zinafuata kanuni niliyo nayo kichwani. Nipeni namba tatu nyingine, nitawaambia kama zinafuata kanuni hiyo au la. Mkiwa na uhakika, itajeni.

Mikono ikapanda. 8, 10, 12? Ndiyo. 20, 22, 24? Ndiyo. 100, 102, 104? Ndiyo. Darasa zima likapaza sauti: "Zinaongezeka kwa mbili, mwalimu!" Nikasema hapana. Wakashangaa, wakarudi na 50, 52, 54. Ndiyo tena. Walizidi kuniletea mifano ya kile wanachokiamini, na kila "ndiyo" iliwafunga zaidi. Mwishowe msichana mmoja wa nyuma, ambaye huongea kwa nadra, akauliza: "Na 6, 4, 2?" Hapana. Akanyamaza kidogo. "Na 1, 2, 50?" Ndiyo. Kanuni yangu ilikuwa namba zozote zinazopanda. Aliipata kwa kuwa yeye peke yake alijaribu kuvunja kile ambacho darasa zima liliamini. Na si watoto tu wanaonaswa hapo: kati ya wanafunzi 29 wa chuo kikuu ambao Wason aliwajaribu, ni 6 tu waliotaja kanuni sahihi bila kutangulia kutaja isiyo sahihi.

Nilisimama pale na chaki mkononi nikaona kware wangu wote 120.

Basi mwaka 2023 shemeji, ndugu yake mama watoto, alikuja na habari za vizimba, yaani nyavu za kufugia samaki ndani ya ziwa. Alitaka tutoe shilingi 180,000, naye atoe kama hizo. Alikuja na picha za mavuno, na majina ya watu waliojenga nyumba kwa pesa za ngege, yaani tilapia. Nikamwambia, "Shemeji, hao wote ni 8, 10, 12." Hakunielewa, nami sikumlaumu. Nikamuuliza kwa lugha nyingine: ni jambo gani likitokea litakuonyesha kwamba biashara hii haifai? Akafikiri, akasema, "Hakuna, mwalimu. Hii ni ya uhakika."

Jumamosi mbili mfululizo nikaenda ufuoni, Dunga kwanza halafu fuo nyingine za upande huu. Kila mahali niliuliza swali moja: ni nani aliyewahi kufuga hapa akaacha? Watu hawapendi swali hilo. Walinionyesha mwenye vizimba kumi. Ikabidi niulize kwa subira, nikinunua chai, hadi mzee mmoja akaninong'oneza jina la mtu ambaye sasa anatengeneza injini za boti.

Fundi yule alinieleza huku anafuta grisi vidoleni. Mwishoni mwa 2022, alfajiri moja, aliwakuta samaki wake wote juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Jua lilipopanda walikuwa wameelea, matumbo meupe juu. Ghuba yetu haina kina kirefu, na maji ya chini yenye oksijeni kidogo yakipanda juu, samaki aliye huru hukimbia. Wa kizimbani atakimbilia wapi? Vizimba vingi upande huu wa Kisumu viliathirika msimu huo. Wake walikuwa wamebakisha wiki tatu tu wavunwe, baada ya kula miezi saba, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Hapo ndipo nilipojishtukia, na ningependa msomaji atue hapa nami. Kwa nini nifurahie hasara ya mtu? Kwa sababu tangu kware nilikuwa nimeapa moyoni kutojaribu biashara yoyote tena, na fundi yule alikuwa amenipa "ndiyo" yangu. Shemeji alikusanya walioshinda, nami nikakusanya walioshindwa. Tulikuwa tunafanya jambo lile lile. Nilikuwa nimeigeuza hofu yangu kuwa hoja.

Jumamosi ya tatu nikarudi, safari hii nikitafuta cha kuivunja hofu yangu: nani alikuwepo 2022 na bado yupo, na alifanya nini tofauti? Nikawapata akina mama wa kikundi kimoja. Hawakuwa na siri. Vizimba vyao viliwekwa mbali, penye kina na mkondo wa maji, waliweka samaki wachache kuliko wenzao, na daftari la chakula liliandikwa kila siku, asubuhi na jioni. Walipata hasara pia, ila haikuwamaliza.

Usiku huo mama watoto alitoa wazo zuri kuliko yangu yote. "Baba, wewe tetea kizimba, mimi nikatae. Halafu tubadilishane." Tuliketi mezani hadi saa tano usiku. Nilipolazimika kutetea nilichokuwa nakiogopa, nikaona hoja ambazo sikuwahi kuzipa nafasi. Ilipofika zamu yake ya kutetea, alikwama kwenye samaki wa barafu kutoka China wanaoshusha bei sokoni, nasi hatukuwa na jibu. Tukaliandika kama lilivyo.

Tukakubali kutoa 60,000, si 180,000, na kwa masharti: penye kina, samaki wachache, daftari la kila siku. Shemeji alikasirika, akanuna wiki mbili, kisha akakubali. Kabla ya kifaranga wa kwanza wa samaki kuingia majini tuliandika karatasi yenye kichwa "Tutaacha lini", mambo matatu, tukatia sahihi sote. Tuliiandika mapema makusudi, kwa kuwa najua pesa zikishazama akili yangu hubadilika na kuanza kuzitetea.

Mavuno ya kwanza yalirudisha pesa na ziada kidogo. Ya pili vivyo hivyo. Karatasi ile imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na mstari wake wa pili unahusu bei ya mfuko wa chakula. Juzi shemeji alipiga simu kutoka dukani. Bei imefika pale pale tulipoandika. Anasema ni ya muda, itashuka. Nimemwambia aje Jumapili na daftari, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayetetea kuacha.