Kuzisoma beringi kuukuu kabla ya kununua mpya

Mwanzoni mwa msimu wa korosho nililetewa hapa Mtwara gari dogo la mizigo kutoka Tandahimba, injini ikigonga. Mwenye gari alikwisha kubadilishiwa beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu ya injini) miezi michache nyuma katika gereji nyingine, na sasa alitaka seti nyingine haraka kwa kuwa magunia yalikuwa yanamsubiri. Nilimwomba siku moja tu, kwa sababu beringi iliyokufa mapema namna ile huwa imeuawa na kitu, na kitu hicho kikibaki ndani kitaiua na ijayo.

Nilipochomoa waya wa plagi ya silinda ya tatu, mlio ule wa kugonga ulififia. Hiyo ni dalili ya beringi ya konrodi, maana mlipuko ukiondoka, mzigo wake hupungua. Beringi kuu za krenki hugonga kwa sauti nzito zaidi, hasa gari likiwa na mzigo. Taa ya oili nayo iliwaka kila injini ilipopata moto.

Baada ya kufungua, nilizipanga beringi juu ya boksi, kila nusu (beringi hizi ni vipande viwili vya nusu duara) nikiiandikia namba ya silinda na upande wake. Mafundi wengi huzitupa zote kopo moja, jambo linalonisikitisha sana, kwa kuwa ushahidi wote hupotelea humo. Nusu ya juu ya silinda ya tatu, ambayo ndiyo hupokea nguvu ya mlipuko, ilikuwa imepoteza utando wake wa kijivu. Katikati shaba ilionekana wazi, metali laini ikiwa imeburutwa kuelekea ukingoni kama samli iliyopakwa kwa kidole, na mgongo wake umeungua ukawa mweusi. Kwa vumbi la barabara za kule juu, nilitarajia michirizi myembamba na chembe za mchanga zilizozama ndani ya metali, lakini sivyo ilivyokuwa. Kama konrodi ingekuwa imepinda, ulaji ungeegemea ukingo mmoja. Mburuto wa aina ile husababishwa na ukosefu wa oili.

Ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na nyuzi za gamu nyekundu, iliyojaa kupita kiasi sampu ilipofungwa mara ya mwisho.

Krenki ilikuwa imekwaruzika, hivyo ikasagwa kwa milimita 0.25 na kuwekewa beringi za saizi hiyo. Nilipima nafasi kati ya beringi na krenki kwa plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa kati yao kisha upana wake ukasomwa, pakavu bila oili na bila kuizungusha krenki, nikasoma milimita 0.05. Kwa kawaida hukadiriwa takriban 0.025 kwa kila milimita 25 za kipenyo, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Sampu niliifunga kwa mstari mwembamba wa gamu. Kisha nilizungusha injini kwa stata, plagi zikiwa nje, mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo nikaiwasha.