Pengo la Upande wa Kushoto

Tulikwenda kwa ajili ya gego. Lilikuwa limetoboka, binti yangu hajalala siku mbili, na asubuhi ile ya mwaka 2013 nilimpakata kwenye benchi la kliniki ya meno, Dodoma, ingawa alishatimiza miaka minane. Mdogo wake wa miezi mitano nilimwacha kwa wifi.

Daktari aliliangalia gego, kisha akagusa pande mbili za meno ya mbele ya chini. "Mama, chonge zake za utotoni ziko wapi?"

Nikajibu zimeng'oka kama mengine. Akasema chonge za chini kwa kawaida hung'oka kwenye miaka tisa hadi kumi na mbili. Hakunibishia zaidi, akaagiza eksirei.

Kwenye picha niliyaona meno ambayo bado hayajaota, yamejificha ndani ya taya kama mahindi machanga ndani ya maganda. Kulia, chonge ya ukubwani ilikuwepo, lakini imelala ubavu na kichwa chake kimemeguka. Kushoto hapakuwa na kitu.

"Aliwahi kung'olewa meno ya plastiki?"

Niliinama. Ilikuwa siri yangu na marehemu mama mkwe. Mtoto alikuwa na miezi sita, anaharisha, ana homa, hataki kunyonya. Ufizi ulikuwa na vivimbe vyeupe. Majirani wakasema ni plastiki hizo, zikiachwa zinaua, na akichomwa sindano hospitali ndiyo kabisa. Mganga alitumia spoku ya baiskeli. Kichwa nilimshika mimi mwenyewe. Akanionyesha kiganjani vitu viwili vyeupe, laini, na nikamshukuru. Nikamlipa kuku.

"Zile ndizo zilikuwa chonge zake za utotoni, mama, hazijakomaa," daktari alisema taratibu. Na za ukubwani, katika umri ule, ndiyo kwanza zinaanza kujijenga papo hapo chini yake. Spoku ilikuwa imezifikia. Kuhara kulikuwa maradhi ya tumbo tu, dawa yake maji ya chumvi na sukari, na ziwa la mama. Kuliisha kwenyewe baada ya siku chache, ndiyo maana miaka yote ile niliamini mganga alimwokoa mwanangu.

Sikungoja gego lizibwe. Nilitoka nje nikampigia wifi simu, mikono inatetemeka. Asubuhi ile, wakati nampa yule mdogo, wifi alikuwa ameniambia ufizi wa mtoto umeanza kuweka weupe.

"Wifi, usimpeleke popote. Nakuja."