Mashine ya glovu: kumbe sensa haikudanganya

Mashine yangu ya kupima glovu za ndondi imekubali. Wiki saba, sensa mbili, ngumi moja ya mninga iliyopasuka na nyingine iliyochongwa upya, na jana usiku ndiyo mara ya kwanza napata namba ninazoweza kuzisimamia mbele ya kocha bila kuangalia chini.

Kwa aliyekosa mwanzo: mabomba mawili ya maji yamesimama wima, kati yake kuna kigari kinachoteleza, kigari kimebeba ngumi ya mbao, ngumi imevaa glovu. Jumla kilo 4. Napandisha sentimita 50, naachia, inatua juu ya bamba la chuma lililofungwa kwenye zege. Sensa imekazwa kwa skrubu ndani ya mbao, inapima ngumi imesimamishwa kwa ukali kiasi gani. Jibu linatoka kwa g, na g hapa si gramu, ni mara ngapi ya mvutano wa dunia. Namba ndogo, mkono umepona.

Yote haya ni ubishi tu. Gym yetu ina jozi sita za kuazimana na vijana karibu thelathini, na kocha anazikagua kwa dole gumba. Anabonyeza juu ya vifundo, akikuta pamefutuka anasema "bado hizi." Nikamwambia dole halitoshi. Akanijibu, "Fundi, wewe baki na redio zako." Basi, tukaonana kwenye mabomba.

Simdharau, lakini. Mkono unajua mambo. Juni 1983, Madison Square Garden, New York, Luis Resto alimpiga Billy Collins Jr. raundi kumi hadi uso ukaharibika. Pambano lilipokwisha baba yake Collins, ambaye ndiye aliyekuwa kwenye kona ya mwanawe, alimshika Resto mkono kumpongeza, akahisi glovu imekonda. Ilikuwa imetolewa sponji. Hakuhitaji mashine. Ila pale mtu alikuwa amenyofoa kwa makusudi. Glovu inayokufa polepole, kidogo kila wiki, hiyo dole inaizoea kama unavyozoea mlango wako unaolia.

Mzani nilishauandika kwenye kumbukumbu iliyopita, narudia kwa kifupi: jozi nyekundu mpya ya Kariakoo imeandikwa aunsi 16. Aunsi 16 ni gramu 454 kwa kila glovu. Moja ilikuja na 391, nyingine 402. Yaani unavaa 14 kwa bei ya 16. Nunueni mzani wa jikoni wa kidijitali, ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote nilivyonavyo, na hauhitaji programu yoyote.

Sasa balaa lenyewe.

Sensa ya kwanza ilikuwa MPU-6050, ile ya bei ya chipsi mayai ambayo kila mtu ana tatu kwenye droo. Nikaangusha Nyekundu: 16. Nikaangusha Mtumba (ngozi halisi, aunsi 14, ya zamani, niliiokota soko la Karume): 16. Nikaangusha Mzee, ile ya gym ambayo hata kwa macho imekufa: 16. Nilikaa siku mbili nikiamini nimegundua kwamba glovu zote duniani ni sawa. Kumbe mwisho wa sensa hiyo ni 16. Inafika ukingoni inakwama hapo, mengine yote yanayotokea juu haiyaoni. Na aibu ni kwamba hesabu yake ni ya shule: umeanguka sentimita 50, glovu inakusimamisha ndani ya sentimita 3, gawa, hata kama breki ingekuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho unapata karibu 17. Kilele kinapita hapo mbali. Ningechukua kalamu dakika moja kabla ya kuchukua koleo, ningeokoa siku mbili.

Nikaagiza ADXL375, inafika 200. Ikaja baada ya wiki tatu. Nikaiunga kwa I2C, njia ya nyaya mbili ya kusoma sensa, kama nilivyozoea, vilele vikawa vinaruka ruka, 24, 41, 30. Mshindo mzima unachukua milisekunde kumi na kitu, na kwa njia hiyo nilikuwa nabaki kwenye vipimo 800 kwa sekunde, kwa hiyo mlima wote nauona kwa nukta chache tu na ncha inapita katikati yake. Nikahamia SPI, njia nyingine yenye kasi zaidi, vipimo 3200 kwa sekunde, mchoro ukawa mchoro. Na tafadhali, mtu asiniambie habari za bredibodi, kile kibao cha kuchomeka nyaya bila lehemu, kwenye kitu kinachoanguka. Waya ulichomoka mara nne jioni moja. Lehemu kila kitu, kisha mwagia gundi ya moto.

Nikadhani nimemaliza. Hapo ndipo wiki mbili zangu zilipopotelea.

Nyekundu, pigo la kwanza: 29. La pili 31. La tano 38. La ishirini 57. Glovu ile ile, kimo kile kile. Nikasema kigari kinakwaruza, nikabadilisha vishikizo vyake, nikaweka grisi. 29, 32, 37... Nikafuta grisi nikapaka poda ya mtoto. Vilevile. Nikakaza skrubu ya sensa, nikachonga ngumi mpya (ndipo ile ya kwanza ilipopasuka, kwa hasira zangu mwenyewe), nikabadilisha waya wa umeme, nikaandika upya programu yote kuanzia mstari wa kwanza. Kila nikianza asubuhi namba ni nzuri, kila nikiendelea inapanda. Mke wangu akauliza kwa nini nalala na bisibisi. Nilishaandika ujumbe wa kuuza sensa.

Aliyenikomboa ni umeme. Ulikatika saa mbili usiku nikiwa kwenye 55, nikaenda kukaa barazani. Uliporudi, saa mbili baadaye, sikugusa kitu, nikaangusha tu: 29.

Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Iliyokuwa inachoka ni glovu.

Sponji ikishindiliwa hewa inatoka, kuta za vishimo vyake zinakunjwa, na haiinuki papo hapo. Ukiipiga tena kabla haijainuka unapiga kitu chembamba zaidi. Mimi nilikuwa naangusha kila baada ya sekunde kumi, na hiyo ni huruma. Kijana kwenye begi anarusha ngumi ngapi ndani ya sekunde kumi? Nikaifuatilia Nyekundu usiku kucha. Toka 57, dakika moja ya kupumzika ikaishusha hadi 46 tu, na dakika moja ndiyo mapumziko ya raundi. Dakika kumi, 33. Asubuhi, 29 kamili kama malaika.

Halafu nikamweka Mtumba. Pigo la kwanza 34, mbaya kuliko Nyekundu. La ishirini: 37. Kwisha. Hapandi. Dole la kocha lingempa Nyekundu ushindi dukani, na pigo la kwanza la mashine yangu pia lingempa. Wote wawili tungekosea pamoja.

Hata umbo la mchoro linasema. Mtumba anachora kilima kipana. Nyekundu akichoka anaanza na kilima kidogo halafu katikati unachomoka mwiba: hapo sponji imegota, mbao inaongea na chuma. Mwiba huo ndio unaokaa kwenye kifundo cha kidole.

Mzee nilimpeleka kwa fundi viatu tukamfumua. Ndani tabaka tatu. La juu zima, ndiyo maana dole linafurahi. La chini, linalogusa ngumi, limekuwa unga pale pale penye vifundo, mashimo mawili kama macho. Fundi viatu akauliza kama naweza kumwachia ngozi.

Kuhusu glovu za kujazwa nywele za farasi, kwa kuwa mtaniuliza: ndiyo, watengenezaji Cleto Reyes wa Meksiko bado wanatia nywele kwenye glovu zao za pambano, na ndiyo, mabondia wenye ngumi nzito wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo ambayo mimi nisingeziruhusu kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana, ya vijana: pigo linapita kali zaidi. Glovu za Winning za Japani watu wanaziita mito, na bei yake ni kodi ya nyumba. Sijamwangusha yeyote kati ya hao, na sitamwangusha mpaka mtu aniazime.

Mpango wangu ulisema wiki hii ni kupima mishono na mkanda wa kifundo cha mkono. Nimeuweka pembeni. Kocha alikuja jana, akatazama michoro miwili kimya, akabonyeza Nyekundu kwa dole mara baada ya pigo la ishirini, akabonyeza tena. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito akaandika A na B kwenye jozi za gym: raundi hii A, raundi ijayo B. "Zipumzike kama watu," akasema. Redio zangu hazikutajwa.

Ila akauliza kitu kimoja ambacho kimeniharibia usingizi: na joto je? Maana gym yetu ni bati tupu, saa nane mchana huwezi kuegemea ukuta. Kwa hiyo sasa hivi Nyekundu iko juu ya paa tangu saa nne asubuhi na kipimajoto kimechomekwa ndani, na mtoto wa jirani ameshaniuliza mara mbili kama naanika dagaa.