Steji haina kivuli

Jumanne nilitoka nyumbani Majengo Mapya, Likoni, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na mfuko wa doti saba za leso. Nilizipinda usiku nyumbani kwa sababu mwenye arusi alizitaka dukani kabla ya saa mbili na nusu. Duka ninaloshonea liko nyuma ya Biashara Street, na cherehani yangu imekaa pale mwaka wa kumi na moja sasa. Ukisimama ufuoni kwetu, kisiwa cha Mombasa unakiona, minara ya misikiti unaiona, na sauti ya muadhini ikipata upepo mzuri inakufikia. Nilifika dukani saa mbili na dakika arobaini. Mwenye arusi alikuwa ameshapiga simu mara sita.

Ni mwendo wa karibu saa tatu nzima, na humo ndani safari yenyewe ni nusu saa na kidogo tu. Bodaboda hadi feri ni dakika saba. Kuvuka ni dakika kumi hivi. Gari kutoka Feri hadi Markiti, soko la mjini, barabara ikiwa wazi, ni robo saa. Kulikobaki ni kusimama tu.

Sisi tunaovuka kila siku hatuhesabu muda kwa saa, tunahesabu kwa feri. Mtu akikwambia "nimekosa mbili" umeshajua atafika kazini lini na bosi atamwambia nini. Jumanne nilikosa tatu. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mtelemko umerefuka na ile sehemu ya chini ina utelezi wa kijani. Magari yanashuka moja moja, bampa zinakwaruza chuma, na wenye miguu tumezuiwa bandani, bega kwa bega, tukisubiri geti. Geti likifunguliwa huendi, unapelekwa. Mimi nina mtindo wangu: mfuko kichwani, viatu mkononi, na natafuta mgongo wa mama mwenye mwili niufuate. Vijana hukimbia pembeni wakaishia kusukumwa ukutani. Mgongo wa mama huyo hufika salama.

Niseme pia kwamba kwa mwenda kwa miguu feri ni bure, na hiyo si neema ndogo. Kwa ile hesabu ya watu laki tatu kwa siku inayotajwa kila mara, tungelipishwa hata kumi kumi sijui wangapi wangebaki ng'ambo. Kwa hivyo sina ugomvi na maji. Ugomvi wangu unaanzia juu ya mtelemko.

Nilipanda ule mlima wa upande wa kisiwani, nikavaa viatu, nikaelekea steji, nikakuta steji haipo. Ieleweke kwamba steji yetu haijawahi kuwa kitu cha kubomolewa. Hakuna paa, hakuna benchi, hakuna kibao. Ni mahali ambapo gari husimama kwa sababu jana zilisimama, na mzee mmoja anauza peremende na sigara moja moja kwenye beseni. Gari hazikuwepo, na mzee pia hakuwepo. Vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa walikuwa wanazifukuza matatu zisisimame.

"Kaka, gari za Markiti ziko wapi?"

"Mama, hapa hazisimami tena. Ni amri. Panda juu huko."

"Juu wapi?"

Akanyoosha mkono akaionyesha Nyerere Avenue yote, mpaka inapokutana na Digo Road.

Tukapanda, watu kama arubaini, mpaka tulipokuta wenzetu wamejipanga mstari mmoja mwembamba ambao kwa mbali ulinishangaza. Watu wa Mombasa hatupangi foleni ya gari, tunaivamia. Nilipokaribia nikaelewa. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha nguzo ya stima. Jua la saa mbili lilishakuwa kali, na kivuli kilichokuwepo ni kile tu, upana wa mtu mmoja, kimelala njiani kama utepe. Mzee mmoja wa kanzu na bakora alipofika alipewa nafasi pale karibu na nguzo. Kivuli kikisogea, mstari nao unasogea, bila mtu kusema neno. Nimeshona nguo miaka mingi na sijaona kipimo kilichofuatwa vizuri namna ile.

Gari ilipokuja, makanga akaita: "Markiti, Buxton, Kongowea, sabini! Sabini!"

"We kaka, jana si ilikuwa hamsini?"

"Mama, jana steji ilikuwa kule chini."

Yaani steji imesogezwa kuelekea mjini, safari imekuwa fupi, na nauli imepanda. Nilitaka kumweleza, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu waliokuwa wamechoka na jua. Nikalipa. Ila kichwani hesabu haikuniacha. Ishirini kwenda, ishirini kurudi, siku ishirini na sita za mwezi ni shilingi 1,040. Kupinda leso moja nalipwa arubaini. Basi leso ishirini na sita kila mwezi zitapindwa kulipia zile hatua mia tatu za steji.

Sasa mtu asinifanye mpinga maendeleo. Mwaka 2018 kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na mapambo ya buluu, nilikuwa mstari wa mbele kununa, kwa sababu duka letu lilikuwa la manjano tangu nilipolijua na wateja walilijua kwa manjano hiyo. Leo nakiri mji ulipendeza. Ukitoka Makadara asubuhi, zile kuta nyeupe zinakuumiza macho lakini unafurahi. Na nyumba za zamani za Buxton, zile za chini zilizokuwa zimechoka, zimevunjwa na badala yake yakapanda maghorofa. Gari yangu hupita pale ikielekea Kongowea. Siku nikipitilizwa Markiti huyatazama nikajiuliza wale wa zamani wako wangapi mle ndani.

Lakini mahali ninapopapenda kuliko kote ni Mama Ngina, au Lighthouse kama tulivyozoea kupaita. Zamani ilikuwa barabara, mibuyu, na wauza mihogo na madafu. Ulikaa juu ya ukuta uliomeguka ukala mihogo yako ya pilipili na ndimu, ukatazama meli zikiingia Kilindini. Wakapajenga upya kwa shilingi zilizotajwa kuwa milioni 460, wakaweka njia za kutembea, viti, taa, na mibuyu wakaiacha, Mungu awabariki kwa hilo. Jumapili nampeleka binti yangu. Viti viko, kivuli kiko, upepo uko. Na pale ulipokaa, ukigeuza shingo kidogo tu, unaiona feri yetu ikienda na kurudi imejaa vichwa.

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu nakumbuka mwezi ule palipofunguliwa. Jumapili ya 29 Septemba 2019, jioni, gari liliteleza kutoka MV Harambee likazama katikati ya mkondo, na ndani yake mama na mtoto wake wa miaka minne. Siku kumi na tatu tulivuka juu yao. Asubuhi tulikuta boti za wazamiaji, jioni tulizikuta bado. Feri ile ya kelele, ya wahubiri na wauza njugu, ilikuwa inavuka kimya. Wanawake tulikuwa tukishikana mikono na watu tusiowajua. Walipatikana tarehe 11 Oktoba. Na tarehe 20 Oktoba, sikukuu ya Mashujaa, sherehe ya kitaifa ikafanywa palepale Mama Ngina, Rais Uhuru Kenyatta akaifungua bustani, ndege zikapita juu, na sisi kutoka kwenye feri tuliziona hema nyeupe zote zile zikiwa zimetandazwa ukingoni mwa maji yaleyale. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na mfuko wa leso kichwani na niliziangalia zile hema nikawaza, kumbe hema zipo nyingi hivi.

Mamangu hakuiangalia sherehe kwenye televisheni. Yeye ni mtu wa Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipozama wakafa watu 272, yeye alikuwa amechelewa kutoka kwa sababu mimi nilikuwa naumwa na jino. Mpaka leo akipanda feri husimama ukingoni, na jino langu hulitaja kila mwaka.

Bibi yangu ana maneno mengine. Januari 2021, wakati wa Korona, lilipofunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni ili watu wasibanane kwenye feri, alilitazama kwenye simu yangu akasema, "Hili si lile la Nyali?" Nikadhani umri. Kumbe yuko sawa. Kabla ya daraja la Nyali la leo, lililofunguliwa 1980, kulikuwa na la kuelea tangu 1931, la kulipia, na bibi alilipita akiwa msichana akienda kwa shangazi yake Kisauni. Anasema lilikuwa linacheza chini ya miguu na wasichana walikuwa wakipiga mayowe makusudi ili vijana wageuke. "Sisi tukalitoa la kuelea tukaweka la saruji," akaniambia, "nyinyi mmeanza tena la kuelea." Sikuwa na jibu. Nililipita mara nne. Lilikuwa refu, la jua tupu mwanzo hadi mwisho, na ukifika ng'ambo ulikuwa mbali na kila unakokwenda. Nikarudi bandani kwangu. Lile daraja kubwa la mkopo wa Japani, la Mombasa Gate, linalopangwa kuunganisha kisiwa na Likoni, bibi ameshasema tusimwamshe mpaka limalizike.

Wageni wa Nairobi nao wana yao. Tangu 2017 treni mpya inawaleta kwa saa tano hivi, halafu inawashusha Miritini, nje kabisa ya kisiwa, wakaanza kupatana na watu wa tuktuk wakiwa na masanduku. Mteja wangu mmoja alinihadithia safari yote ya treni kwa dakika mbili na safari ya Miritini hadi Biashara Street kwa nusu saa.

Jumanne hiyo nilipoingia dukani nikijifuta jasho, mwenye duka hakunigombeza. Alinitazama tu, akatazama saa, akatazama ukuta. Ukutani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, ana picha ya zamani ya mji, nakala tu. Nimeiona miaka kumi na moja bila kuiona. Ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, wakati njia za mji zilikuwa na reli nyembamba na watu wakipanda vigari vya kusukumwa kwa mikono. Reli zenyewe zilikuwa masalio: kampuni ya Waingereza ilianza mwaka 1890 kujenga reli ya kwenda bara, ikaachia njiani baada ya maili chache, vyuma vikaletwa kutumika mjini. Kwenye picha, bwana mmoja wa kofia ameketi, na nyuma yake Waafrika wawili wanasukuma, miguu mitupu. Siwezi kuitazama picha ile nikautamani mji ule. Lakini Jumanne nilichokiona kwa mara ya kwanza ni kwamba kile kigari kina paa la turubai. Yule bwana amekaa kivulini, na wanaosukuma wako juani.

Mwenye arusi alikuja saa nne. Naye alikuwa amechelewa. Anatoka Bamburi, alibadilisha gari mbili, ya pili ikamshusha Buxton kwa sababu dereva aliona foleni mbele akageuza. Amekuja kwa miguu kutoka huko, na buibui limejaa vumbi kwenye upindo. Tulitazamana tukacheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini. Leso alizikagua moja moja, akasema ya tatu upindo umepinda kidogo. Kweli umepinda. Hiyo niliishona saa saba za usiku.

Jumatano nilinunua mwavuli pale Markiti, mweusi, shilingi mia tatu na hamsini baada ya kubishana. Alhamisi nikaufungua kwenye ule mstari wa nguzo, na mara nikajikuta nina wenzangu wanne chini yake, mmoja na mtoto mgongoni. Gari ilipofika tukakimbilia pamoja, mimi napambana kuufunga, umekwama mlangoni, watu nyuma wanapiga kelele. Makanga akaushika, akaukunja kwa mkono mmoja kama mtu aliyezaliwa akiuza miavuli, akanirudishia.

"Sabini ya mama," akasema, "na huu nao nani anaulipia?"