Chenga za kioo kwenye muundi

Alhamisi usiku. Dar imelowa tangu alasiri, hata chumvi mezani imeanza kutoa maji. Siku kama hizi pakiti ya kioo hai iliyofunguliwa jana haifai tena. Kioo hicho, cha kujazia pengo kwenye mfupa, kimetengenezwa kianze kuyeyuka kikiguswa na maji, nacho hakichagui kati ya damu na unyevu wa hewani. Bei inauma, ila kilichobaki kitupwe.

Mchanganyiko wa kwanza, wa mtafiti Larry Hench kule Florida mwaka 1969, haukuwa na mambo mengi: kwa uzito, silika (madini ya mchanga) asilimia 45, oksidi ya sodiamu 24.5, oksidi ya kalsiamu 24.5, na oksidi ya fosforasi 6. Kioo cha dirisha kina silika kama 70, ndiyo maana hakishikani na mfupa. Hiki cha Hench kikilowa, sodiamu inatoka, usoni panabaki ute wa silika, kisha kalsiamu na fosfeti hutanda juu yake na kugeuka madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mkono. Chenga za milimita moja hadi mbili, kama za mchele, zinaloweshwa kwa damu ya jeraha lenyewe hadi zishikane kama mchanga wa ufukweni. Zikielea, damu imezidi. Halafu zinawekwa, hazishindiliwi. Mishipa midogo ya damu inataka upenyo, angalau sehemu ya kumi ya milimita, na ikipata mara tatu ya hapo ni bora zaidi. Kuna anayezisaga ili zijaze pengo vizuri: unga unayeyuka kwa pupa, alkali inapanda ghafla, nyama ya pembeni inavimba.

Na chenga ni mirunda ya fundi, si nguzo ya nyumba. Muundi wa kijana wa bodaboda lazima ukazwe kwa vyuma kwanza, na mfupa uliokufa utolewe hadi ule unaobaki utoe damu. Pakichezacheza, mwili unajaza kovu badala ya mfupa.

Wiki ya sita picha ya eksirei inakuja nyeupe, ndugu wanafurahi. Weupe ule ni wa kioo. Cha kutazama ni ule mstari mweusi kati ya chenga na mfupa; mpaka ufifie pande zote mbili, magongo yabaki mawili.